Sokomutu wa Waridi kwenye Lori la Mbao

Mtu aliyemuua Koko alikuwa na sauti ya upole sana. Hakumpiga, hakumgusa, na sidhani kama aliwahi kumtazama usoni vizuri. Alikata miti tu. Mvua ikamalizia.

Koko alikuwa mama wa mama yangu. Aliishi upande wa Walikale, mwendo wa siku mbili kutoka kwetu Mushaki barabara ikiwa na huruma, katika kijiji cha nyumba chache zilizopangana kando ya kijito, mguuni pa mlima wenye msitu. Mama alitoka huko akaolewa kwetu, upande wa Masisi, akaja kulima viazi na maharage kwenye vilima vya baba, ambako miti iliisha zamani na ng'ombe wakachukua nafasi yake. Kila likizo ndefu ya shule alinipeleka kwa Koko. Ndiko nilikojifunza kwamba kijani kina rangi nyingi. Jumapili Koko aliimba kanisani kwa sauti iliyozidi za wengine wote, na Jumatatu alipokwenda kusafisha chemchemi aliwasalimu kwanza wazee waliozikwa juu ya mlima, kwa majina yao, kama mtu anayebisha hodi. Hakuona ubaya wowote katika hilo, na katekista naye alishaacha kumuuliza.

Nilikuwepo siku yule mwenye mbao alipokuja. Nilikuwa mwanamke mzima tayari, nimeenda kumtembelea Koko baada ya mavuno, na nilikuwa jikoni nikimenya ndizi. Alivaa kofia ngumu ya manjano, ile wanayovaa wahandisi, ingawa hakuwa mhandisi. Alikaa na mjomba wangu barazani, akakubali kikombe cha maji, akasifu mbuzi. Kisha akasema anaomba miti minne tu.

"Ni ya kutengeneza meza za batoto ba masomo, Papa," alisema. "Batoto banaandikia kwa magoti."

Koko alitoka nje, mikono ina unga wa muhogo.

"Ule mulima unashikwa na ile miti," alimwambia. "Mukiikata, itatushukia."

"Mama, mulima haianguke," alijibu taratibu, akitabasamu. "Mulima iko ya Mungu."

Mjomba alitia sahihi kwenye karatasi. Siwezi kumlaumu sana. Aliona aibu kuwanyima watoto meza. Nilirudi Mushaki. Ndani ya msimu mmoja wakawa wamekata mteremko wote, kuanzia kileleni hadi kwenye migomba ya Koko. Misumeno ililia kutoka alfajiri hadi jua kuzama, mjomba alinisimulia baadaye, hata kuku wakaacha kutaga. Alipokwenda kulalamika, wakataji walimwonyesha ile karatasi. Mahali palipoandikwa idadi ya miti palikuwa na nafasi nyeupe siku aliyotia sahihi. Sasa palikuwa pamejazwa.

Mlima ulishuka asubuhi moja ya mvua, watu wakiwa wameshaamka, kwa hiyo wengi walikimbia. Koko alikuwa jikoni. Walichimba siku tatu kumtafuta. Nilipofika alikuwa ameshazikwa, na pale palipokuwa na chemchemi palikuwa na tope jekundu, visiki vikitokeza ndani yake kama meno. Wakati wa kilio, yule mwenye mbao alituma mtu na gunia la sukari pamoja na salamu za rambirambi: haya yalikuwa mapenzi ya Mungu. Mama yangu alipokea sukari. Mimi nilichukua ile salamu, nikaiweka ndani yangu mahali ambapo haikupoa.

Kazi yangu ni kuandika na kuchora vibao. Nina ateliye, kibanda cha mbao cha kufanyia kazi, kando ya barabara ya Sake, Mushaki, karibu na wanawake wanaouza viazi na jibini. Saluni, duka la dawa, fundi wa pikipiki, kanisa jipya, wote wamepita mikononi mwangu. Niliporudi kutoka kilioni nilifunga kazi za wateja, nikachora ukutani kwangu kile nilichokuwa nakiona kila nikifumba macho: mlima uliochanika kama kidonda, na mkono ukitoka kwenye tope. Niliuchora vizuri mno. Watu waliufikia, wakageuza uso, wakavuka upande wa pili wa barabara.

Jirani yangu, mama muuza makaa, alivumilia wiki moja. Kisha akaja akasimama mlangoni.

"Dada, unatufukuzia bakiriya," aliniambia, maana wateja wake nao walikuwa wanavuka barabara. "Na tena, sisi wote tulishaona maiti. Hatutafute zingine kwa ukuta."

Nilikasirika, lakini alisema kweli. Hapa kwetu hakuna anayehitaji kufundishwa kifo. Nilipaka ukuta wote chokaa, nikakaa mbele yake siku nzima bila kushika brashi.

Kilichonifungua macho ni daftari la shule. Binti yangu alikuwa ameliacha mezani, na kwenye jalada lake kulikuwa na paka wa rangi ya samawati, kichwa kikubwa kuliko mwili, macho kama sahani, nyota ndani ya macho. Paka mjinga kabisa. Nikagundua kwamba nimemtazama kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyoutazama ule mlima wangu. Nilianza kukusanya: pakiti za biskuti, makopo ya maziwa, picha ambazo vijana hutumiana kwenye simu, kitenge chenye vifaranga vinavyovaa miwani. Nikajifunza siri zao moja moja. Mstari mnene mweusi kuzunguka kila kitu. Rangi bapa, bila kivuli. Madoa ya duara nyuma, yamepangwa kama maharage shambani. Mashavu mekundu. Na macho, macho daima makubwa, ya mtoto anayekungoja umbebe.

Kwenye ule ukuta nilichora mtoto wa sokomutu. Ndivyo tunavyomwita sokwe, kwa sababu ya mikono yake inayofanana na ya mtu. Nilimpaka rangi ya waridi, nikamkalisha juu ya kisiki, nyuma yake madoa ya manjano. Chini nikaandika: Mama iko wapi?

Walisimama. Wauza viazi waliweka mabeseni chini, wakacheka, wakamwonyesha kwa vidole. Mmoja akasema anafanana na mtoto wake wa mwisho. Kisha akauliza, huku bado anacheka:

"Na mama yake iko wapi kweli?"

Nikamweleza. Nilianza na sokomutu, nikaishia kwa Koko. Kicheko kilimwisha taratibu usoni, akabaki na mkono kifuani. Jioni alirudi na dada zake wawili ili niwaeleze na wao. Hapo nilijua nimepata silaha, na nilijua nitamwelekezea nani.

Kazi zilimiminika. Zahanati moja ilitaka kakakuona aliyejikunja kama mpira, na shule moja karibu na Kirotshe ikataka ukuta mzima wa vinyonga. Kule Bweremana, wauza samaki waliniomba sambaza, wale dagaa wa ziwani, wenye kope ndefu, nikawachorea samaki mama akiwafunika wadogo kwa pezi, na chini nikaandika kwamba chandarua ni cha kulalia mtoto, si cha kuvulia mtoto wa samaki. Watu walinisifu kuwa nina moyo mwororo. Niliwaacha waamini. Usiku wangu, mchana wangu, kila doa la manjano nililoweka, nilikuwa nafanya mazoezi.

Alikuja mwenyewe, kwa miguu yake, saa nne asubuhi. Kofia ileile. Alisimama mbele ya sokomutu wangu, akacheka kwa raha. Hakunikumbuka. Kule kwa Koko nilikuwa mwanamke mmojawapo jikoni, na macho yake yalikuwa kwenye mbuzi na miti.

"Mama, njo weye unachoraka hizi batoto ba nyama?"

"Njo mimi, Papa."

"Minataka unichoree lori yangu. Kuko masomo hapa juu, minabapa meza. Kutakuwa sherehe, padri atakuja, wazazi, wote. Minataka lori iingie na batoto bafurahi."

Kwa hiyo alikuwa anatoa meza kweli, mwishowe. Kikundi cha wazazi kilikuwa kinatafuta mwenyekiti, na alikitaka kile kiti. Nilimwuliza meza zimetengenezwa kwa mbao gani.

"Libuyu, Mama. Ya Walikale. Nyekundu, nzuri sana."

Niliyajua yale maji mekundu ya mti huo. Koko alikuwa na miti ya libuyu saba nyuma ya chemchemi, na kila mmoja aliuita kwa jina la mzee mmoja aliyezikwa juu ya mlima.

"Nitaichora, Papa," nilimwambia. "Nitaichora hata milango ya nyuma, ndani na inje, mbao isioze."

"Wewe njo fundi," alisema.

Lori liliachwa kwenye uwanja wa nyuma wa ateliye siku sita. Mbavu zote mbili nilizijaza wanyama: ngagi, gorila mnene, anakula mianzi, tembo mwenye utepe shingoni, kasuku wawili wanabusiana. Kwenye milango miwili ya nyuma, ikiwa imefungwa, nilichora sokomutu mama wa rangi ya waridi amemkumbatia mtoto wake. Mama alikuwa mlango wa kushoto, mtoto mlango wa kulia, mikono yao inakutana pale katikati, penye komeo. Yeyote atakayefungua atawatenganisha. Hilo lilikuwa jambo dogo tu. Kazi yenyewe niliiweka ndani ya milango. Wanaposhusha mzigo huizungusha milango hadi kwenye mbavu za lori na kuifunga kwa kamba, na hapo ule upande wa ndani ndio unaowatazama watu.

Ndani ya mlango wa kwanza nilichora mlima wa kupendeza, wa duara, wenye mashavu mekundu na machozi mawili, umejaa visiki vya rangi ya peremende. Chini yake jiko, na ndani ya jiko kikongwe mdogo mwenye macho makubwa. Ndani ya mlango wa pili nilichora bwana mnene, mzuri, anatabasamu, nyota machoni, msumeno mkononi kama mtoto aliyeshika mwanasesere. Kofia ngumu ya manjano. Juu yake nikaandika yale maneno yake mwenyewe: Ni miti mine tu.

Na mistari yote myeusi ya ndani sikuipaka kwa rangi. Niliipaka kwa lami, ile wanayozibia mabati yanayovuja. Kila mchora vibao anajua kwamba lami haifunikwi. Unaweza kuipaka juu yake rangi mara tano, itasubiri jua, kisha itapanda.

Dereva alikuja kuchukua lori siku ya mwisho, mwanamume mkimya aliyenizidi umri kidogo. Alifungua milango akague ndani kabla ya kwenda kupakia meza. Akatazama. Akatazama tena ile kofia. Nilisimama nikiwa nimeshika tambara.

"Huyu koko ni nani?" aliuliza.

"Mama ya mama yangu."

Alipanda ndani, akashuka, akafunga komeo.

"Mimi minaangaliaka barabara tu," alisema. "Ya nyuma sionake."

Siku ya sherehe nilivaa kitenge changu cha Pasaka. Watoto walipangwa uwanjani kwa mistari, walimu mbele, padri kwenye kiti cha plastiki, wazazi chini ya turubai. Lori liliingia likipiga honi na watoto wakapiga kelele kama wameona mbingu. Mwenye mbao alikuwa mbele, karibu na dereva, kofia kichwani, anapunga mkono. Alisema maneno machache kuhusu kesho ya nchi, kwa ile sauti yake ya kubembeleza, halafu akaamuru milango ifunguliwe.

Vijana wa kushusha mzigo waliizungusha milango, wakaifunga kwenye mbavu. Kwanza watoto walicheka, kwa kuwa picha zilikuwa nzuri. Walikuwa karibu, na walijua kusoma. Sauti moja ikaanza, kisha darasa zima:

"Njo ye! Njo Papa wa kofia!"

Wazazi walisimama kutazama. Alicheka nao mwanzoni, akadhani ni sifa, akajisogeza ili aone. Nilimwona akisoma. Nilikuwa nimeingoja sura ile muda mrefu kiasi kwamba niliogopa kupepesa macho nikakosa sehemu yake. Msichana mmoja wa mstari wa mbele, mwenye soksi moja, akamwuliza waziwazi kabisa:

"Papa, mbona mulima inalia? Ulifanya nini?"

Aligeuka akatafuta kati ya watu hadi akanipata.

"Weye ni nani?" aliniuliza, na sauti haikuwa tena ya upole.

"Nilikuwa jikoni siku ile," nilisema, kwa nguvu ili wa nyuma wasikie. "Ulikunywa maji yetu. Ukasema miti mine. Koko akakuambia mulima itashuka, ukamwambia iko ya Mungu. Ilimushukia yeye. Hizi meza munazotuletea, Papa, njo miti yake. Batoto baandikie juu yake, ni sawa. Lakini bajue banaandikia juu ya nani."

Padri aliinua mkono kuomba utulivu. Wazazi walitoka chini ya turubai wakasogea karibu na lori. Kusogea kule kulikuwa kuzuri kuliko makofi. Mkurugenzi wa shule, mwanamke asiyependa fujo, alisema meza zishushwe tu, watoto wasiadhibiwe kwa dhambi ya mkubwa. Zikashushwa, moja baada ya nyingine, mbele ya ile milango miwili. Ilichukua muda. Alilazimika kusimama pale hadi ya mwisho, kwani dereva alikuwa na ufunguo na dereva hakuwa na haraka.

Kiti cha wazazi alikipata mtu mwingine. Mimi nilipata karatasi ya kuitwa kituo cha polisi. Niliketishwa kwenye benchi kuanzia asubuhi hadi alasiri kwa kosa la kumtukana mtu mzima, mama yangu amekaa mlangoni na rozari yake, haondoki. Yule aliyekuwa zamu alitaka kuuona ushahidi. Lori likaletwa. Akalizunguka, akafungua milango, akatazama, akasema haoni tusi, akaniambia nirudi nyumbani.

Njiani mama hakunisifu.

"Uko na roho mubaya," alisema. "Koko hangefanya vile."

"Koko amekufa, Mama."

Alitangulia mbele, rozari mkononi, hadi nyumbani. Padri naye alikuja kunisihi nisamehe. Nilimjibu nitamsamehe yule mwenye mbao siku atakapokwenda kufukua ile chemchemi kwa mikono yake, bila wafanyakazi. Padri alisema msamaha hauna masharti. Nilimwambia basi wangu si msamaha, ni kitu kingine, na sijakitafutia jina.

Mwenye mbao alipaka milango rangi ya kijivu. Baada ya majuma mawili ya jua, kofia ilirudi, ya kahawia safari hii, kisha yale macho, kisha maandishi. Akapaka tena. Ikarudi tena, mbaya zaidi, kama kitu kinachozama na kuibuka. Kuanzia Sake hadi Walikale watoto waliliita lori lile Miti Mine, na wakimwona dereva walimwuliza leo umebeba mingapi. Mwishowe aling'oa milango yote akaiuza kuni.

Alirudi kijijini kwa Koko kuomba mteremko wa upande wa pili. Mjomba alinieleza kwa simu. Wanawake walikuwa wamemngoja njiani, na hakuna aliyebeba panga. Walimwuliza tu anataka mingapi, wakaangua kicheko, wakaendelea kucheka hadi akapanda pikipiki akaondoka. Mteremko ule bado una miti yake. Lakini nisijidanganye. Hakuacha kazi. Aliingia bonde jingine, mbali zaidi, kwa watu wasionijua, na huko misumeno inalia hivi sasa. Sikumzuia, nilimhamisha tu. Nikiwaza hilo hasira inanipanda upya, na mara nyingine sijui ni kwa ajili yake au kwa ajili yangu.

Mwaka huu alikuja ateliye. Bila kofia. Kichwa chake kilikuwa kimeota mvi, na alisimama nje kama mteja asiye na uhakika.

"Mama, tumalize hii mambo," alisema. "Nilikuletea mbao ya kujengea ateliye mupya. Libuyu safi. Iko kwa lori."

Mama yangu alikuwa amekaa ndani anachambua maharage. Aliinua uso akanitazama, na nilijua anachokiomba. Nilimwambia mwenye mbao aishushe. Alifurahi. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita dada, akaondoka mwepesi.

Sikujenga ateliye. Nilizipasua mbao zile kuwa vibao, mama akinitazama bila kunisaidia wala kunizuia, na juu ya kila kibao nimechora mnyama mmoja mdogo mzuri na jina la kijito kimoja kilichofukiwa na tope la milima iliyokatwa. Mjomba alinitajia majina, alivijua vyote. Vingine nimevipigilia njiani kuelekea Masisi, vingine nimewapa madereva wavipeleke Walikale. Kile cha kwanza nilikipigilia hapa Mushaki, kwenye nguzo mkabala na mahali mwenye mbao anapoegesha gari akija kununua jibini. Nilikuwa bado juu ya ngazi alipofika. Nilimwamkia kwa heshima zote. Alisoma kibao, akatazama ile mbao nyekundu, akaingia garini bila kununua jibini. Nikachukua msumari mwingine.